Kusoma Jibu Si Kujua Hesabu

Barazani, Morogoro. Bibi, mwalimu mstaafu wa hisabati, anachambua mchele. Mjukuu wake Sefu yuko Kidato cha Sita, tahasusi ya PCM.



BIBI: Mama yako kaniambia hesabu zinakutoa jasho.

SEFU: Nashangaa, bibi. Mitihani ya taifa ya miaka kumi nimeipitia yote, pamoja na majibu yake. Kila hatua naielewa. Lakini mtihani wa majaribio nimepata 34, na A inaanzia 80.

BIBI: Umeipitia kwa macho au kwa mkono?

SEFU: Kwa macho, ila kwa makini. Na fomula zote nimezikariri.

BIBI: Fomula zikaririwe, ratiba ifuatwe, usiku ulale. Hayo unayajua. Mimi nina ugomvi na hilo neno lako, “naielewa.” Nimelisikia miaka 31 nikiwa na chaki mkononi, na vijana wazuri wameanguka nalo. Chukua kalamu. Nyuma ya kalenda hiyo, integreti ln x.

SEFU: Hiyo nimeiona wiki iliyopita!

BIBI: Sijakuuliza umeiona lini. Andika.

SEFU: Tunaintegreti kwa sehemu. u ni ln x. Halafu dv… Bibi, dv haipo. Hapa pana ln x peke yake.

BIBI: Na hiyo dx umeiweka pambo?

SEFU: Aa! dv ni dx, basi v ni x. Inakuja x ln x, toa integresheni ya x mara 1/x, yaani ya 1. Jibu ni x ln x − x + C. Si unaona naelewa?

BIBI: Tulia. Ulikwama wapi?

SEFU: Kwenye dv.

BIBI: Hapo tu. Kwingine kote ni kuzidisha na kutoa. Sasa nisikilize. Jibu lililochapwa linakuonyesha njia, lakini njia panda zote limeshazifukia. Aliyeliandika ameamua u iwe nini, wewe unamfuata nyuma ukitikisa kichwa. Mtoto anayebebwa mgongoni huenda sokoni kila siku, lakini mwambie aende peke yake uone.

SEFU: Lakini nikisoma majibu mengi, si nitazoea kuamua?

BIBI: Utazoea kubebwa! Tazama x cos x. Ukisema u ni cos x, dv inakuwa x dx, v inakuwa x²/2, na integresheni iliyobaki ina x² ndani yake. Mzigo umeongezeka. Ukisema u ni x, ukiitofautisha inabaki 1, mzigo umepungua. Kitabu kitakupa hiyo ya pili tu. Ile mbaya usipoiandika kwa mkono wako, utajuaje kwa nini ni mbaya? Karatasi ya kwanza ya mtihani wa taifa ina maswali 10 kwa saa 3, dakika 18 kila swali, na kila swali linakutaka uamue.

SEFU: Kwenye diskasheni yupo mwenzetu anasolvu ubaoni, sisi tunaandika.

BIBI: Mmoja anafanya kazi, wengine wananakili! Mama yako anauza vitenge juani akulipie tuisheni, nawe unarudi na jasho la mwenzio daftarini. Kijana aliyezoea kuamuliwa huamuliwa hata mke na kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwenyewe.

SEFU: Basi nifanyeje, bibi?

BIBI: Swali liweke wazi, jibu lifunike kwa karatasi. Pambana dakika 20. Ukishindwa, funua mstari mmoja tu, funika tena, endelea. Ukimaliza, uwe na daftari la pembeni. Humo usinakili jibu, andika ulikwama kuamua nini: “Sikuona kwamba dx yatosha kuwa dv.” Baada ya siku tatu, swali lilelile, karatasi tupu. Ukikwama palepale, hukuwa umelijua. Ulikuwa umeliona.

SEFU: Kwa mwendo huo nitafanya maswali machache sana.

BIBI: Matano uliyoamua mwenyewe nayapenda kuliko hamsini uliyoyatazama. Haya, integreti x ln x.

SEFU: u ni x…

BIBI: …

SEFU: Hapana. Nikisema hivyo, dv itakuwa ln x dx, itabidi kwanza niintegreti ln x. Naongeza mzigo. Nafuta. u ni ln x, dv ni x dx. Subiri nimalize, bibi.

BIBI: Jibu utanionyesha baadaye. Kwanza fungua daftari la pembeni, uandike kwa nini umefuta.