Kitanzi cha Mguu: Kipime kwa Kushukia

Wadogo zangu, msimu wa upinde unakaribia na swali linalojirudia ni moja. Wengi wenu mko Michigan, Ohio na Pennsylvania, mnawinda kulungu wa mkia mweupe, na mmeyaacha majukwaa mazito ya chuma mkahamia kwenye mkanda wa kukalia: unauvaa nyongani, unajifunga kwa kamba kwenye mti, unaning'inia huku miguu imekanyaga kijukwaa kidogo. Sasa mnaniuliza, dada, ninunue vitanzi gani vya mguu vya kupandia?

Tuelewane kwanza vinafanya kazi gani. Mtu wa mkanda hupanda kwa vijingazi vifupi vya chuma anavyovifunga mtini kimoja juu ya kingine. Anayetaka kufika mita 5 au 6 kwa kawaida hubeba vinne. Akining'iniza kitanzi chini ya kila kijingazi, anapata hatua ya ziada ya sentimita 40 hadi 45 bila kuongeza chuma, na vijingazi vitatu vinamtosha. Begi linakuwa jepesi, kelele zinapungua. Faida ni hiyo, na ni ya kweli.

Tatizo linaanza watu wanapoishindania. Mmoja anasema kitanzi chake kina hatua mbili, mwingine tatu, mwingine anapanda mti mzima kwa kijingazi kimoja na kamba ndefu yenye vitanzi. Mdogo wangu, hao wana mazoezi ya miaka. Kitanzi kinaning'inia hewani, na kadiri kinavyorefuka ndivyo kinavyoyumba na kukusukumia mguu chini ya mwili huku kiwiliwili kikienda nyuma. Kwa mwanzo, hatua moja chini ya kila kijingazi. Usiongeze mpaka hiyo moja uipande na kuishuka bila kufikiri.

Nimesema kuishuka, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mnapojaribu vitanzi dukani au uani mnavijaribu kwa kupanda, mchana, mmevaa raba. Msituni mambo ni mengine. Giza limeingia, umekaa saa nyingi kwenye baridi, vidole vya miguu huvisikii vizuri, na sasa unashuka kinyumenyume. Goti la kushoto limegusa gamba la mti, mikono imeshika kijingazi, mguu wa kulia unapapasa chini kutafuta kitanzi usichokiona. Kama ni cha kamba laini, kimejikunja na kulala kwenye gamba. Ncha ya buti inakigonga, kinasogea. Unakigonga tena, kinazunguka. Kila ukipapasa, uzito wote uko kwenye mguu mmoja na mikono iliyochoka. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kitanzi, kabla ya wepesi na kabla ya bei, ni kubaki wazi chenyewe, mdomo ukiwa umetazama nje.

Cha mkanda wa nailoni wa upana wa inchi moja ndicho ninachokipendekeza, mradi pale unapokanyaga pamepitishwa kipande cha bomba la plastiki. Bomba hilo linafanya kazi mbili: linakiweka kitanzi wazi, na linautandaza uzito wako chini ya buti. Nailoni ina kasoro yake, inanyonya maji. Ikinyeshewa jioni na kuganda usiku, asubuhi ni ngumu kama fimbo. Ikaushe ndani ya nyumba, mbali na jiko.

Zile kamba nyembamba za kisasa, kama Amsteel, zinasifiwa sana na zinastahili. Hazinyonyi maji, ni nyepesi ajabu, na nguvu zake ni kubwa kuliko unene wake unavyoonyesha. Lakini zinateleza. Fundo la kawaida unaweza kulifunga ukaliamini, likajilegeza taratibu. Kamba hizi huunganishwa kwa kuingiza ncha ndani ya kamba yenyewe, na kazi hiyo ina ufundi wake. Kama huujui, nunua kilichokwisha kutengenezwa. Na usikikanyage bila bomba, kitakukata wayo hata ndani ya buti.

Vya waya uliofunikwa plastiki vinabaki wazi kuliko vyote, ndiyo maana watu wa miguu mikubwa wanavipenda. Vikague kwa macho: plastiki ikipasuka na nyuzi za waya zikaanza kuchomoza, umekwisha muda wake. Ama ile kamba ya parashuti ya dukani, ya kufungia mahema, hiyo iache huko huko kwenye mahema.

Upana sasa. Kipime na buti la baridi, lile nene kabisa utakalovaa Novemba. Katikati ya wayo iingie bila kusukuma, kisigino kizuie. Kikibana, hutatoka kwa haraka. Kikiwa kipana mno, mguu unaweza kupenya mpaka kwenye kifundo, na ukiteleza hapo unabaki umening'inia kichwa chini. Nyinyi wafupi, mimi nikiwemo, msikubali urefu wa kiwandani. Paja likikuinukia juu ya nyonga ukitoka kwenye kitanzi kwenda kijingazini, kitanzi ni kirefu kwako; likikuinukia ukitoka chini kukifikia kitanzi chenyewe, kijingazi umekifunga juu mno. Chagua chenye kurekebishika.

Waliokulia Pwani wamewaona wakwezi wa minazi wakijifunga kamba miguuni, na baadhi yenu mmeniambia kitanzi ni kitu kilekile. Sivyo. Kamba ya mkwezi inaushika mnazi pamoja na miguu yake. Kitanzi hiki hakishiki mti hata kidogo. Kinashika mguu tu, na chenyewe kinategemea kijingazi, ambacho nacho kinategemea kamba yake. Ndiyo maana kila kijingazi ukishakifunga, kivute chini kwa nguvu mpaka kikae sawasawa kabla hujakipa uzito, na unapokanyaga kitanzi ncha ya buti iguse mti. Ukikanyaga kwa pembeni au ukijitenga na shina, unakipindua kijingazi.

Na kamba ya kiuno, ile inayozunguka shina, inafungwa ukiwa bado umesimama chini na haifunguliwi mpaka umerudi chini. Ukikuta tawi njiani, zungusha kamba ya pili juu ya tawi kwanza, ndipo uifungue ya kwanza. Kitanzi ni ngazi. Kinachokuzuia usianguke ni kamba hiyo.

Someni karatasi ya mtengenezaji. Vijingazi vingi vimeandikiwa mwisho wa paundi 300, karibu kilo 136, na hesabu hiyo ni wewe pamoja na mavazi, upinde na begi. Wako watengenezaji wanaokataza kuongeza kitanzi kisicho chao, wakikataza, tii. Wa Michigan mkumbuke kwamba kwenye ardhi ya umma hamruhusiwi kutumia misumari au skrubu za kutoboa gamba la mti, kwa hiyo vifaa vya kufungwa kwa kamba ndiyo njia yenu.

Kuna kitanzi kimoja zaidi ninachowaomba mkiweke mfukoni, pale mkono unapofika hata ukiwa unaning'inia. Ukiteleza kutoka kwenye kijukwaa, mkanda utakudaka, lakini kuning'inia muda mrefu bila kusogeza miguu kunazuia damu kurudi na mtu anaweza kuzimia. Kifunge kitanzi hicho kwenye kamba yako kuu, ile inayoufunga mkanda kwenye mti, kwa fundo la Prusik, lile alilolieleza mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, mwaka 1931: linateleza likisukumwa kwa mkono na linakaza likipata uzito. Kanyaga, simama, damu itembee, kisha urudi kijukwaani au uite msaada. Jifunzeni kulifunga mkiwa mmevaa glavu.

Mazoezi yafanyeni sasa, kabla ya baridi, miguu ikiwa mita moja tu kutoka ardhini, na mkizoea rudieni jioni kwa taa ya kichwani. Anayesitasita bado achukue cha nailoni chenye bomba, hatua moja, chenye kurekebishika, na fedha atakayookoa kwa kuacha vile vya mbwembwe akanunulie kamba mpya ya kiuno.