Wenzako wanakula, wewe bado unasubiri

Barua ninazopokea kuhusu migahawa ya Dar es Salaam na Nairobi ni nadra kulalamikia chumvi au pilipili. Nyingi zinahusu jioni iliyopangwa kwa wiki kadhaa, michango ikakusanywa, watu wakavaa wakapendeza, kisha huduma ikaharibu kila kitu. Nimefanya kazi ukumbini na jikoni pia, na naamini nyingi ya jioni hizo zingeokoka. Haya ndiyo maswali yanayonifikia mara kwa mara.

Tulikuwa watu kumi na wawili, tunamuaga mwenzetu anayehamia Dodoma. Watano waliletewa chakula, sisi wengine tukakaa karibu saa nzima tukiwatazama. Na aliyekuwa anaagwa alikuwa wa mwisho kupata! Kule jikoni kulikuwa na nini?

Oda yenu iligawanyika tangu ilipotoka mezani. Choma ilienda kwa mtu wa jiko la mkaa, ambaye mara nyingi yuko nje, uani. Chipsi zilienda kwenye kikaango, samaki na wali wa nazi vikaenda jiko la ndani, vinywaji kaunta. Kila mmoja kati ya hao alianza kazi yake bila kujua mwenzake amefika wapi. Chipsi na mishkaki huiva upesi. Mbuzi anayebandikwa akiwa mbichi hachomeki upesi hata umpepee vipi, na kikaango kimoja hakiwezi kutoa sahani kumi na mbili kwa mkupuo. Mhudumu akifika kwenye dirisha la jikoni anabeba kilichoiva, kwa sababu kikikaa kitapoa na atalaumiwa yeye.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani. Auguste Escoffier, mpishi Mfaransa aliyeingia kuongoza jiko la hoteli ya Savoy jijini London mwaka 1890, ndiye anayesifiwa kwa kulipanga jiko kwa vikosi, kila kikosi na kazi yake. Katika mpango wa namna hiyo, mtu mmoja huzipokea oda zote na kuzitangaza kwa sauti: kinachochelewa kuiva kianze, chepesi kisubiri, meza itoke pamoja. Hoteli zetu kubwa zina mtu huyo. Migahawa mingi ya kawaida haina, na siku za kawaida haioni pengo lake, kwa sababu meza ya watu wawili inajiendesha. Likija kundi, pengo linaonekana. Kwa hiyo msimlaumu mpishi kwa uvivu. Inawezekana alikuwa analowa jasho kuliko siku zote. Aliyekosekana ni mpangaji.

Sisi tuliopata mapema, tule au tuwangoje?

Waliokosa ndio waseme "kuleni". Wakishasema, kuleni, chakula kisipoe bure. Lakini kama mgeni wa heshima au mzee bado hajapata, pelekeni sahani moja mbele yake kwanza.

Kilichotuudhi zaidi ni mhudumu kutoweka. Tunamwita, anapita kama hatuoni. Kwa nini wanafanya hivyo?

Hapa ndipo ninapoumia, maana kosa hili halihitaji hela kulirekebisha. Mwaka 1985 mtaalamu wa usimamizi David Maister aliandika makala kuhusu saikolojia ya foleni, akaeleza kwamba kusubiri bila kuelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kusubiri ukijua sababu. Kila aliyewahi kuhudumu mezani amelishuhudia hilo. Mwambie mteja "mbuzi amewekwa motoni sasa hivi, mpe dakika arobaini", atanung'unika kidogo kisha ataendelea na mazungumzo. Mnyamazie kwa dakika ishirini, utamkuta amesimama.

Mhudumu anajificha kwa sababu hana la kusema. Hana ruhusa ya kuwapa hata soda ya kuwatuliza, jikoni wakimwona wanamfokea, na meneja akiitwa atauliza kwa nini ameruhusu mteja akasirike. Kuna mahali mhudumu anakatwa mshahara kwa bili ambayo mteja amekataa kulipa. Nani asingejificha? Mwenye mgahawa anayemwachia kijana mmoja kundi zima pamoja na meza nyingine sita ndiye aliyeiharibu jioni yenu, hata kama hamkumwona.

Basi tuseme wakati gani, na kwa nani?

Semeni mapema. Watu wengi huvumilia mpaka hasira ichemke, wakazungumza wote kwa pamoja, na meneja hajui amjibu nani. Chagueni mmoja, aende mwenyewe kaunta badala ya kupiga makofi mezani. Robo saa baada ya oda aulize swali moja tu: "Samahani dada, choma yetu imeshabandikwa?" Kama haijabandikwa, bado mna nafasi ya kubadilisha oda. Kama imeshabandikwa, ombeni muda kamili. Ukishapita, meneja aitwe, naye aombwe uamuzi: ipi ifutwe, ipi iletwe, nani apewe kwanza. Radhi peke yake haishibishi.

Bili ililetwa ikiwa na sahani mbili ambazo hazikufika kabisa. Tulilipa ili tuondoke.

Msingelipa. Kisicholetwa hakilipiwi. Nchini Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, na Tanzania ina Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003 ambayo pia inawalinda walaji. Ila kabla hamjafika huko, isomeni bili mstari kwa mstari pale pale mezani, kabla mtu hajatuma pesa kwa lipa namba. Ikishatumwa, kuirudisha ni safari nyingine. Kwa Tanzania daini risiti ya mashine ya kodi (EFD), ndiyo ushahidi wenu. Chakula kilichochelewa lakini mkakila, mtakilipia. Punguzo hapo ni la kuombana.

Tunataka kurudia, mahali pengine. Tujipange vipi?

Pigeni simu siku mbili kabla na mzungumze na meneja mwenyewe. Mwambieni idadi, saa ya kufika na saa mnayotaka kula. Choma na kuku wa kienyeji agizeni kabisa siku hiyo, tangulizeni hela kidogo. Chagueni sinia za pamoja badala ya kila mtu na sahani yake, hapo hakuna atakayemtazama mwenzake akila. Kama kila mtu atajilipia, semeni kabla ya oda, si bili ikishatoka. Na fikeni kwa saa mliyoahidi. Kundi linaloingia wawili wawili kwa saa nzima, kila mmoja na oda yake, linalivuruga jiko hata liwe zuri namna gani.

Mimi ni mwenye mgahawa mdogo. Makundi yananiletea hela, lakini pia yananiletea aibu. Niyakatae?

Usiyakatae, yapunguzie uchaguzi. Andika menyu ya makundi yenye vyakula vinne au vitano ambavyo jiko lako linaweza kuvitoa pamoja. Siku ya kundi wewe mwenyewe simama dirishani kama mpangaji, usikae kaunta kuhesabu pesa. Mhudumu wa kundi asipewe meza nyingine, na apewe ruhusa ya kutoa soda au kachumbari bila kuja kukuuliza. Anayetaka nje ya menyu hiyo aagize jana yake.