NENO DOGO LENYE KAZI NYINGI: «GET»



Katika ukurasa huu wa lugha tunataka kuchunguza neno moja tu la Kiingereza. Lina herufi tatu, na kila mwanafunzi anakutana nalo tangu miezi ya kwanza: «get». Wengi wetu tunaandika katika kaye: get = kupata, kwa Kifaransa «obtenir». Kisha tunafunga kaye na kufikiri kazi imekwisha. Kumbe bado kwisha.

Sababu gani tunasema hivi? Fikiri mama jirani anakuja kwako na kartoni ya dawa ya mtoto. Huku kwetu mashariki dawa zingine zinapitia Kampala ao Nairobi, na karatasi ya ndani imeandikwa kwa Kiingereza. Mama anasema: «Wewe unasoma Kiingereza, utusomee.» Unakuta mahali pameandikwa: «If the child gets worse, see a doctor.» Wewe unajua get ni kupata, basi unaanza: «Kama mtoto anapata...» Anapata nini? Hapo unasimama. Maana ya kweli ni hii: kama hali ya mtoto inazidi kuwa mbaya, mumupeleke kwa munganga. Neno dogo limekushinda, na mama anarudi nyumbani bila kusikia lile onyo lililokuwa la maana kuliko yote.

Kwa hiyo tujifunze pamoja.

1. TAZAMA KINACHOFUATA

Neno «get» halina maana moja iliyofungwa ndani yake. Linatwaa maana kutoka kwa neno linalokaa nyuma yake. Usiulize kwanza: «Get maana yake nini?» Uliza: «Nini inafuata?»

a) Kama jina la kitu linafuata, maana ni kupata, kupokea, kuleta, ao kushikwa na ugonjwa.
«I got a letter»: nilipokea barua. Sinonimu: «receive».
«She got good marks»: alipata pointi nzuri. Sinonimu: «obtain».
«Get the chalk, please»: tafazali, leta chaki. Sinonimu: «fetch».
«He got malaria»: malaria ilimushika. Sinonimu: «catch».

b) Kama sifa inafuata, maana ni kugeuka, kuanza kuwa. Sinonimu: «become».
«It is getting dark»: giza linaingia.
«We got wet»: tulilowana.
Ile karatasi ya dawa ni ya namna hii, sababu «worse» ni sifa.

c) Kama mahali panafuata, maana ni kufika.
«We got to Bukavu at night»: tulifika Bukavu usiku. Sinonimu: «arrive», «reach». Lakini angalia: tunasema «arrive in Bukavu», na tunasema «reach Bukavu» bila kitu katikati.

d) Kama tendo lililokwisha kutendwa linafuata, maana ni kutendwa.
«The goat got stolen»: mbuzi aliibwa. Unaweza kusema pia: «The goat was stolen.»

e) Kama mtu ao kitu kinafuata, na tendo nyuma yake, maana ni kufanya jambo litendeke.
«I got him to sign»: nilimushawishi atie sahihi. Sinonimu: «persuade».
«He got his hair cut»: alikatisha nywele. Si yeye mwenyewe aliyeshika makasi.

f) Katika mazungumzo, «I don't get it» maana yake: sielewi. Sinonimu: «understand».

g) Pamoja na «have», neno letu linapoteza kabisa maana ya kupata. «I have got a pen»: niko na kalamu. «I have got to go»: ni lazima niende. Sinonimu ya kwanza ni «have» peke yake, na ya pili ni «must».

2. MKIA WA NENO

Wanafunzi wengi wanalalamika: «Waingereza wanaongeza tu vineno nyuma, na maana yote inageuka!» Ni kweli. «Get up» ni kuamka, «get on» ni kupanda gari, «get off» ni kushuka. «Get away» ni kutoroka, na «get over an illness» ni kupona.

Lakini tusiwacheke Waingereza mbio. Sisi pia tunafanya vile, ila mkia wetu tunaufunga ndani ya neno. Twaa «kupata». Ongeza mkia: kupatia, kupatana, kupatanisha, kupatikana. Mtu aliyepata kitu na mtu aliyepatana na jirani yake hawakufanya kazi moja. Na ndani ya kanisa tunalo neno kubwa «upatanisho», lililozaliwa na kitendo kile kile kidogo. Mtoto wa huku hakuhitaji kamusi kwa kujua hayo. Aliyasikia nyumbani ndani ya semi nzima. Mwingereza naye anasema «they get on well», maana yake: wanapatana vizuri. Yeye aliongeza «on», sisi tuliongeza «-ana».

Hata bila mkia, «kupata» chetu kiko na maana nyingi. Tunasema: amepata kazi, ugonjwa umemupata, nimepata habari. Kwa Kiswahili cha pwani wanasema hata kisu kinapata, maana yake kinakata vizuri. Basi asikuambie mtu kwamba Kiingereza peke yake ni lugha ya fujo.

3. LILITOKA WAPI?

Neno hili lililetwa Uingereza na watu wa kaskazini, Waskandinavia. Katika mwaka 793 walishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, na katika karne ya 9 wengi wao walikaa katika nchi ile, wakalima na kuoa. Katika lugha yao kupata kuliitwa «geta». Waingereza wa kale walikuwa na ndugu ya neno lile, lakini kwao lilizoea kuungwa na kichwa. Ndiyo sababu tunakuta «forget», kusahau: ni kama kuachilia kile ulichokuwa umeshika. Tena kuna «beget», kuzaa. Anayesoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 anakutana na «begat» mara nyingi katika Matayo sura ya 1, pale penye orodha ya mababu.

Ndugu hao wanasaidia hata kwa kujifunza sarufi. Wamarekani wanasema «gotten» pale Waingereza wa leo wanasema «got», lakini wote wawili wanasema «forgotten».

Katika mwaka 1066, William wa Normandy alishinda Uingereza. Kwa miaka mingi wakubwa wa ikulu na wa mahakama walisema Kifaransa, na maneno mengi ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza: «receive», «obtain», «acquire», «arrive». Hayakulifukuza «get». Lile la zamani lilibaki nyumbani na sokoni, na yale ya Kifaransa yakaketi katika ofisi na katika vitabu.

4. SINONIMU SI MAPACHA

Hapa sisi wa Kongo tuko na faida, sababu Kifaransa tunacho tayari. Ukisoma «receive», unamuona «recevoir». Ukisoma «obtain», unamuona «obtenir». Lakini faida hiyo iko na mitego mitatu.

Mtego wa kwanza: heshima ya neno. Kwa rafiki unaandika: «I got your letter.» Ukimwandikia mkubwa wa ofisi kwa kuomba kazi ao nafasi ya masomo, andika: «I received your letter», na «I wish to obtain...» Maana ni ile ile, lakini nguo si ile ile. Mtu haendi kwa Bwana Prefe na nguo za shamba. Wala haendi shambani na nguo za sikukuu.

Mtego wa pili: mahali pa neno. «Obtain» inapenda kitu ulichokitafuta. Hakuna mtu anayetafuta malaria, kwa hiyo usiseme «I obtained malaria». Sema «I caught malaria» ao «I got malaria».

Mtego wa tatu: ndugu ya Kifaransa asiyefanana kabisa. Kwa Kifaransa ajali inaweza «arriver», maana yake kutokea. Kwa Kiingereza «arrive» ni kufika tu. Usiseme «An accident arrived». Sema «An accident happened».

Wale wanaojitayarisha kwa mtihani wa serikali wakumbuke hili. Swali linaweka majibu kadhaa mbele yako, na mara nyingi mawili yanafanana. Anayejua orodha ya sinonimu tu atachagua kwa bahati. Anayetazama majirani ya neno atajua sababu ya kuchagua.

5. ZOEZI

Weka neno lingine pahali pa «get». Funika majibu kwanza!

1. The road gets bad in the rainy season.
2. What time did you get to school?
3. Did you get my message?
4. Get the bucket from the kitchen.
5. We have got to finish today.

Majibu: 1. becomes, 2. arrive at, 3. receive, 4. fetch, 5. must (We must finish today).

Shauri letu la mwisho ni hili: tangu leo usiandike tena neno moja mbele ya neno moja katika kaye yako. Andika usemi mzima, na chini yake maana kwa Kiswahili. Fanya hivyo na «take», na «make», na «put», maana nayo ni maneno madogo yenye kazi nyingi. Itakula kartasi zaidi, ndiyo. Lakini siku mama jirani atakapokuja tena na kartoni ya dawa, utamsomea mpaka mwisho, na mtoto atapelekwa kwa munganga kwa wakati.

Mungu awasaidie katika masomo yenu.