Turbo Imekufa: Tazama Kwanza Bomba la Oili

Lori la kijiji limetoka gereji, injini imefungwa upya. Siku ya tatu linatoa moshi wa bluu na kulia kama filimbi. Fundi anasema, "Turbo imekufa, leteni nyingine." Na fedha ya pamba imekwisha!

Zima injini, ipoe. Vua mpira wa hewa, utikise shafti ya turbo. Mapanga yakigusa ukuta, kweli imekufa. Lakini imeuawa na nini? Shafti hiyo huelea katika oili, na huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kipande cha gundi ya gasketi kikiziba bomba la oili, haidumu. Basi fungua bomba, lisafishe, ubadili oili na filta. Ukifunga turbo mpya, itie oili kwanza kabla ya kuwasha.