Bei ya kawa yetu: Washington inaingilia wapi?



Katika mikutano yetu ya Bunagana na Jomba kuna swali moja ambalo halikosi: nani anapanga bei ya kawa? Wengine wanasema ni mchuuzi wa Kisoro. Wengine wanasema ni leta. Mama mmoja alisimama akasema ni Marekani, watu wakacheka. Hakukuwa na sababu ya kucheka. Karibu miaka thelathini, serikali ya Marekani ilikuwa kweli na mkono katika bei ya kawa ya Kivu, na siku ilipoondoa mkono huo, wazee wetu waliona matokeo kwenye mizani. Somo la leo ni juu ya habari hiyo. Kuielewa kutatusaidia wakati wa kujadili bei ya msimu huu.

Tuanze mwaka 1962. Kwenye Umoja wa Mataifa, New York, nchi zinazolima kawa na nchi zinazoinywa ziliandika Mkataba wa Kimataifa wa Kawa. Kila nchi inayolima ilipewa kota, maana yake kiasi cha kawa inachoruhusiwa kuuza kwa mwaka. Kawa ikizidi sokoni, kota inapunguzwa ili bei isianguke. Marekani, mnywaji mkubwa kuliko wote, ilikubali kuzuia kwenye bandari zake kawa isiyokuwa na karatasi ya ruhusa. Kwa nini nchi inayosifia soko huria ikubali kulipa bei ya juu? Ni siasa. Cuba ilikuwa imegeuka upande wa Urusi, na Washington iliogopa kwamba mkulima wa Brazil au Kolombia akilala njaa, naye atageuka. Kawa ilitumiwa sawa vile dawa ya kuzuia ukomunisti.

Katika miaka ya 1980 mkataba ulijaribu kushika bei kati ya dola 1,20 na dola 1,40 kwa libra moja. (Libra ni kama gramu 454. New York hawapimi kwa kilo, tutarudi hapo.) Lakini serikali ya Reagan ilikuwa na wachumi wa mawazo mengine. Walisema hivi: kota inamfanya mnywaji wa Marekani alipe zaidi, na faida haimfikii mkulima, inabaki kwa serikali na wakubwa wanaogawa karatasi za ruhusa. Tena kawa iliyobaki nje ya kota ilikuwa inauzwa kwa bei ya chini sana kwa nchi ambazo hazikuwa katika mkataba, kama zile za Ulaya ya Mashariki. Na wakaangaji wa Marekani walitaka arabika zaidi, lakini kota ilikuwa imegawanywa kwa historia, si kwa ladha. Brazil haikutaka kupunguza sehemu yake. Tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 1989 kota zilisimamishwa. Katika miezi michache bei ilikatika karibu nusu, na kufika 1992 ilikuwa inakaribia senti 50 kwa libra.

Sasa, wale wachumi walisema kweli ao walisema uongo? Hapa ndipo somo lenyewe linaanza, maana jibu halipatikani New York. Linapatikana hapa kwetu, pande zote mbili za mpaka.

Tuangalie Zaïre. Kota ilikuwa ya leta, si ya mkulima. Ofisi ya Kawa, OZACAF (leo kazi hiyo iko kwa ONAPAC), na wauzaji wenye vibali ndio walikuwa na haki ya kupeleka nje. Dola zilizoingia zilibadilishwa kuwa zaïre kwa kiwango cha serikali, ambacho kilikuwa mbali sana na kile cha barabarani, hadi leta ilipopunguza thamani ya pesa mwezi wa 9 mwaka 1983. Tofauti hiyo ilikuwa kodi, ingawa hakuna aliyeiita kodi. Mkulima alijua hesabu bila kwenda chuo kikuu: kawa ya Kivu ilivuka usiku kwenda Rwanda na Uganda, kwa kichwa na kwa mtumbwi, na ziwa Kivu lilikula watu wengi. Kwa hiyo bei nzuri ya mkataba ilikuwako London na New York, lakini kabla ya kufika Rutshuru ilikuwa imeliwa njiani.

Uganda ilikuwa na ugonjwa huo huo. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza kawa ya Brazil, na mwaka 1977 bei ya dunia ilipita dola 3 kwa libra. Wakati huo Bodi ya Kawa ya Idi Amin ilikuwa inalipa wakulima kidogo kabisa. Matokeo yake ni magendo: magunia yalivuka kwenda Kenya kwa wingi, na soko la Chepkube kule Bungoma likapata jina kubwa kwa biashara hiyo. Mwaka 1991 Uganda iliondolea Bodi ile haki ya kuuza peke yake. Wanunuzi wengi wakaingia vijijini. Mwaka 1994 baridi ikapiga Brazil tena, bei ikapanda juu ya dola 2, na safari hii mkulima wa Uganda alipata sehemu kubwa ya pesa, kwa sababu wanunuzi walikuwa wanashindana mlangoni kwake. Sisi mwaka huo huo, wazee wanakumbuka Goma ilikuwa katika hali gani. Pesa ya zaïre ilikuwa karatasi tu, barabara zimekufa, wakimbizi kwa maelfu na maelfu. Bei ya dunia ilikuwa moja, lakini watu wa pande mbili za mlima mmoja hawakuipata sawasawa.

Kwa hiyo juu ya jambo moja nakubaliana na watu wa soko huria: kumpa ofisi moja haki ya kununua na kusema eti ni kwa kumlinda mkulima, mara nyingi ni kumlinda mwenye ofisi. Friedrich Hayek, mchumi wa Austria aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1974, aliandika mwaka 1945 kwamba bei ni kama mjumbe: inaleta habari ambazo hakuna serikali inayoweza kuzikusanya zote. Mfano aliotumia ulikuwa bati, lile linalotoka katika kasiterite. Watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kuna mambo mawili ambayo wanayapita haraka. La kwanza, soko si huria kwa sababu tu serikali imetoka. Kama kijiji kina mnunuzi mmoja, na wewe ulichukua deni lake wakati kawa bado ni maua, huna soko, una bosi. Ukiongeza bariera njiani na barabara ya matope, huyo mjumbe wa Hayek anafika amechoka, ao hafiki. La pili, Marekani yenyewe haifuati somo inalofundisha. Sukari ya nje inaingia Marekani kwa kota hadi leo, ili wakulima wao wa miwa na biti wapate bei nzuri, na mara nyingi Mmarekani analipa sukari kuliko bei ya dunia. Wachumi wa soko huria wa kwao wenyewe wanalalamikia jambo hilo kila mwaka. Wakulima wao wamejipanga, ndiyo maana wanasikilizwa. (Nasema hivyo kwa wale wanaokosa mikutano ya koperative.)

Tuje kwa mambo ya karibuni. Mwezi wa 8 mwaka 2025 serikali ya Marekani iliweka ushuru wa 50% kwa bidhaa nyingi za Brazil, kawa ikiwemo. Sababu iliyotolewa ilihusu kesi ya rais wa zamani Jair Bolsonaro, haikuhusu kawa. Sisi Kongo tuliwekewa 15%. Marekani hailimi kawa ila kidogo sana, Hawaii na Puerto Rico, na karibu thuluthi ya kawa inayonunua inatoka Brazil. Ushuru analipa mwenye kuingiza mzigo bandarini, kisha anamrudishia mnywaji. Bei New York ilipanda tena juu ya dola 4, Wamarekani wakalalamika madukani, na mwezi wa 11 kawa ikaondolewa ushuru. Wachuuzi wengine hapa kwetu walitumia habari hiyo kusema "Trump ameshusha bei." Katika miezi ile bei ya dunia ilikuwa inapanda. Mtu akikuambia bei imeshuka juu ya Marekani, mwombe akuonyeshe bei ya New York kwenye simu yake. Kijana yeyote mwenye intaneti anaweza kuitafuta.

Sasa hesabu. New York inatoa bei ya kawa ya kijani, ile iliyokobolewa, kwa libra. Kilo moja ina libra 2,2. Tuseme bei ni dola 3: 3 mara 2,2 inatoa dola 6,6 kwa kilo ya kijani. Kilo moja ya parche ikikobolewa inatoa kama gramu 800 za kijani, kwa hiyo parche yako ina thamani ya karibu dola 5,3. Kwa matunda mekundu, kilo 6 hadi 7 zinatoa kilo moja ya kijani, maana yake tunda lina thamani ya karibu dola 1 kwa kilo. Hiyo si bei utakayolipwa. Lazima kutoa gharama: kukoboa, magunia, gari kupitia Kampala hadi Mombasa, kodi za mpaka, faida ya deni, na ya muuzaji. Kawa safi, iliyooshwa vizuri na kukaushwa juu ya meza, inaweza kuongezewa juu ya bei ya New York. Ile iliyokaushwa chini kwenye udongo inapunguziwa.

Kabla ya mavuno, kamati ya kila koperative iandike gharama hizo kwenye karatasi moja na kuisoma mbele ya wanamemba wote, wamama na vijana wakiwemo. Kisha mchuuzi akileta bei, chukua bei yake ya parche, gawanya kwa ile thamani tuliyopata. Akitoa dola 3 wakati thamani ni 5,3, amekupa sehemu ya 57%. Muulize zile dola 2,3 zimeenda wapi, moja moja. Huenda ana majibu mazuri, maana barabara yetu ni mbaya kweli. Lakini akishindwa kueleza zaidi ya dola moja, mpelekee mnunuzi wa pili karatasi hiyo hiyo kabla ya kupima gunia hata moja.

Wenye deni la maua wapitie kwa mwenye hazina wa koperative kabla ya tunda la kwanza kuiva, tuone pamoja kama linaweza kulipwa kwa pesa badala ya kawa.