Zilzala: Neno na Maana Yake



Katika darsa zetu za Kitui na Makueni swali hili hurudi mara kwa mara: je, zilzala na adhabu ni kitu kimoja? Si swali dogo. Ardhi inapotetemeka na watu wakafa, wako wafanyao haraka kusema kwamba waliokufa wameadhibiwa. Basi yatupasa tulipime neno kwanza, kisha tuitazame hukumu inayojengwa juu yake.

Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili. La kwanza ni tetemeko la ardhi, ambalo wengine huliita mtetemeko. Asili yake ni kutetemeka, kama atetemekavyo mtu kwa homa, kwa baridi au kwa hofu. La pili ni mtikisiko, nalo ni pana zaidi: mti hutikisika kwa upepo, na siku hizi husemwa hata mtikisiko wa uchumi. La tatu ni zilzala, au zilizala, tulilolipokea kutoka Kiarabu. Hili husikika zaidi katika mawaidha, na tetemeko husikika zaidi redioni na shuleni. Tena tazameni: Kiarabu kimerudia zal-zal, na Kiswahili kimerudia te-te, kana kwamba ulimi wenyewe waiga mtikiso. Katika maneno yote hayo hamna hata moja lenye maana ya dhambi wala ya adhabu.

Sasa tuingie katika Qurani. Sura ya 99 yaitwa Az-Zalzala, nayo yaeleza mtikiso wa Siku ya Mwisho. Lakini katika sura ya 33, Al-Ahzab, kitenzi hicho hicho kimetumiwa kwa Waumini waliozingirwa Madina katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra. Hapo zilizotikisika ni nyoyo, wala Waumini wale hawakuwa wakiadhibiwa, bali walikuwa wakijaribiwa. Neno jingine, rajfa, latajwa katika habari za Thamud na watu wa Madyan, walioangamizwa. Twajua kwamba ile ilikuwa adhabu kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametueleza hivyo, si kwa sababu tu ya ardhi kutikisika.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipiga Bukoba, Tanzania, likaua watu zaidi ya 10 na kubomoa nyumba nyingi. Ni nani aliyeteremshiwa habari kwamba wale walikuwa waovu kuliko sisi tuliolala salama Ukambani? Mtume (s.a.w.) amemhesabu Muislamu afaye kwa kuangukiwa na jengo kuwa miongoni mwa mashahidi. Vipi basi tuthubutu kumwita maiti huyo mwenye kuadhibiwa, mbele ya mayatima wake?

Nasi tusidhani kuwa jambo hili ni la wengine tu. Kitui na Makueni ziko mashariki ya Bonde la Ufa, ambako tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa la Subukia lilipasua ardhi. Tarehe 12 Agosti 2020 jingine, lililoanzia upande wa pwani ya Tanzania, lilisikika Mombasa na Nairobi. Makueni yenyewe yapakana na vilima vya Chyulu, vilivyozaliwa na volkano. Kusini mwa vilima hivyo, ndani ya Tsavo, pana uwanda wa miamba myeusi iliyotoka ardhini ikiwa imeyeyuka, nao waitwa Shetani. Watu waliona moto wasioujua chanzo chake, wakamtwika Ibilisi. Ndivyo hofu inavyoweza kulipa jambo jina kabla ya ilimu kufika.

Wataalamu wametueleza kwamba miamba iliyo chini hubanwa na kuvutwa, hata ikateleza ghafula, na mtikiso ukaenea pande zote. Kujua sababu hakumwondoi aliyeziumba sababu. Tena aghalabu kinachoua ni ukuta na paa, wala si mtikiso wenyewe. Kwa hiyo mwenye kujenga na ajenge kwa uthabiti. Ardhi ikitetemeka, aliye ndani na ajikinge chini ya meza imara, na aliye nje ajitenge na kuta.

Likitufikia jambo hili, na tuseme tetemeko au zilzala, yote ni sawa. Tumwombe Mungu msamaha kwa dhambi zetu wenyewe, tuwafukue walionaswa, tuwazike waliokufa kwa heshima. Hukumu yao tumwachie Mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.