Cessna Mikononi: Vidokezo kwa Rubani Chipukizi

Cessna 172 ni ndege yenye subira, ndiyo maana imefunza marubani wengi mno. Tatizo ni kwamba Wilson, Nairobi, iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko haina subira ya Malindi. Vidokezo hivi ni vya mtu mwenye mwalimu. Namba ni za 172S. Ndege yako ikiwa nyingine, fuata kitabu chake.

1. Legeza mkono. Vidole vitatu vinatosha kwenye usukani. Weka pua, weka nguvu ya injini, ngoja mwendo utulie, ndipo uzungushe gurudumu la trimu hadi usukani uache kukuvuta. Ukiwa unakunja ngumi, utasikia misuli yako tu, hutaisikia ndege.

2. Mguu wa kulia uwe macho. Nguvu ikiwa yote na pua ikiwa juu, ndege hupinda kushoto. Kanyaga pedali ya kulia mpaka kigololi cha kipimo cha kona kirudi katikati. Ukirekebisha kwa usukani peke yake, bawa litainama na kigololi kitabaki palepale pembeni.

3. Piga hesabu ya joto. Kwa futi 5,500, joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 4. Nairobi mchana ikifika nyuzi 26, umezidisha nyuzi 22, na kila moja huongeza takriban futi 120. Yaani uko Wilson, lakini ndege inajiona iko juu ya futi 8,000! Injini inavuta hewa haba, panka inashika hewa haba, na bawa nalo vivyo hivyo. Basi ruka asubuhi, punguza abiria au mafuta, na kabla ya kuondoka rudisha kidogo kishikio chekundu cha mchanganyiko kama kitabu kinavyoelekeza.

Mtego mkubwa uko kwenye kutua. Mshale wa mwendo unasoma noti 65, sawa kabisa, lakini kwa kweli unakata hewa kwa noti 73 hivi. Ardhi inakimbia, macho yanalalamika kwamba umezidisha, na mkono unaanza kuvuta. Usivute. Bawa linaishi kwa kile mshale unachosoma.

4. Stoli inaletwa na pembe. Bawa huacha kubeba pale pembe yake na upepo inapozidi kiasi, na hilo linaweza kutokea kwa mwendo wowote. Ukiruka sawa bila flapu, mwendo wa mwisho kabla ya stoli ni noti 48. Laza ndege nyuzi 60 bila kupoteza kimo, na namba hiyo inapanda hadi 68. Sasa fikiria kona ya mwisho kabla ya kutua: umepitiliza mstari wa njia, unasukuma pua kwa pedali, unazuia mlalo kwa usukani, halafu unavuta. Bawa la ndani linakata tamaa kwanza, ndege inajipindua, na chini yako zimebaki futi mia chache. Mlalo usizidi nyuzi 30 hapo. Umepitiliza? Pitiliza, uzunguke upya.

King'ora cha stoli kikilia, sukuma usukani mbele kwanza. Nguvu ya injini na kunyoosha mabawa vifuate. Tamaa ya kuvuta haiulizi leseni. Juni 2009, ndege ya Air France namba 447 ilianguka kutoka futi 38,000 hadi Atlantiki, na rubani aliyeiongoza aliuvuta usukani kwa sehemu kubwa ya anguko hilo. Walikufa watu 228.

5. Upepo wa ubavuni. Njoo na pua imeelekea upepo, kikaakaa. Karibu na ardhi, nyoosha pua kwa pedali na ushushe bawa la upande wa upepo, ili tairi la upande huo liguse kwanza. Kisha usilegee! Endelea kugeuzia usukani upeponi hadi usimame. Noti 15 zilizoandikwa kitabuni ni kiasi kilichojaribiwa na rubani wa kiwanda, na mimi nawe si yeye.

6. Unapovunja mteremko, tazama mwisho wa njia. Ukitazama chini ya pua utavuta mapema.

7. Kiwanja cha mbugani kipitie juu kwanza; pundamilia hawasomi ratiba. Amua mapema: tairi zisipogusa katika theluthi ya kwanza, nguvu yote, pua mahali pake, flapu ipande hatua kwa hatua. Na ule wimbo wa pwani wa kusukuma kishikio chekundu chote ndani kabla ya kutua, uache pwani. Huku juu utaizamisha injini kwa mafuta dakika ileile unayoidai nguvu zake zote.